Maumivu Wakati wa Kuachia: Uchambuzi wa Kisa cha Kusinyaa kwa Kompoziti Ndani ya Gego

Usuli

Kisa hiki kinahusu gego la kwanza la chini la mgonjwa mtu mzima, asiye na maradhi mengine, ambaye alizibwa jino katika kliniki moja ya mjini katika pwani ya Tanzania na kuletwa kwetu wiki tatu baadaye, akiwa ameshaamua kuling'oa. Yeye pamoja na daktari aliyemtibu mwanzo wameridhia kisa hiki kiandikwe, na taarifa zote zinazoweza kuwatambulisha zimeondolewa. Nakiandika kwa sababu jino lile lilikuwa hai na zima, na lilikaribia kupotea kwa tatizo ambalo halikuwa la ugonjwa bali la tabia ya dawa yenyewe iliyotumika kuliziba.

Tundu lilikuwa juu ya uso wa kutafunia pekee, na kuta zake zote nne zilikuwa zimesimama. Daktari aliyezoea amalgamu (dawa ya kuzibia ya madini yaliyochanganywa na zebaki) huliona tundu la namna hiyo kuwa kazi nyepesi: halihitaji mkanda wala kabari, na amalgamu huvumilia unyevu kidogo wala haidai taa. Lakini amalgamu inaendelea kupunguzwa duniani chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, na kliniki nyingi sasa huziba meno kwa kompoziti. Kwa kompoziti mambo hugeuka, kwa kuwa tundu lenye kuta pande zote ndilo umbo linaloipa dawa hiyo shida kubwa kuliko maumbo yote.

Ni vema kueleza kwanza kinachotokea ndani ya dawa. Kompoziti ni rezini (plastiki nzito ya majimaji inayoweza kugandishwa) iliyochanganywa na chembe za kioo au za silika. Rezini inayotumika zaidi ni Bis-GMA, ambayo Rafael Bowen wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1962. Kwa kuwa ni nzito mno, huzimuliwa kwa monoma (molekuli ndogo zinazoweza kuungana) nyepesi, mara nyingi TEGDMA. Mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 470 huamsha kamforokwinoni, kemikali ya kupokea mwanga iliyomo, nayo huanzisha mnyororo wa kuunganisha monoma kuwa polima. Kabla ya hapo molekuli jirani hukaa umbali wa takriban nanomita 0.3 hadi 0.4, zinaposhikana kwa kifungo cha kikemia umbali huo hushuka hadi karibu nanomita 0.15. Molekuli zinasogeleana, na dawa nzima inapungua ujazo. Kompoziti za kawaida hupungua kwa takriban asilimia 2 hadi 3, na zile laini zinazomiminika hupungua zaidi kwa sababu zina kioo kidogo na rezini nyingi.

Kama dawa ingekuwa imelala juu ya sahani, kupungua huko kusingemdhuru mtu. Ndani ya jino, dawa imegundishwa kwenye kuta. Inapotaka kujikusanya, kuta zinaizuia, na mvutano huo hugeuka kuwa mkazo ambao ni lazima utoke mahali fulani: ama gundi iachie, ama ncha za jino (vilele vya uso wa kutafunia) zivutwe kuelekea ndani, ama enameli (ganda gumu la nje la jino) ya ukingoni ipasuke, ama dawa yenyewe inyumbuke kabla haijawa ngumu.

Mlolongo wa matukio

Siku ya matibabu foleni ilikuwa ndefu na umeme ulikuwa umekatika, hivyo taa iliyotumika ilikuwa ile ndogo ya betri. Baada ya sindano ya ganzi, sehemu iliyooza iliondolewa na likabaki tundu lenye urefu wa karibu milimita 5, upana wa 4 na kina cha 4. Jino lilitengwa na mate kwa pamba. Asidi ya fosforasi ya asilimia 37 iliwekwa kwenye enameli na dentini (tabaka lililo chini ya enameli), ikasafishwa kwa maji, kisha tundu likapulizwa hewa hadi enameli ikaonyesha weupe na dentini ikakauka kabisa. Gundi ya chupa moja ikapakwa na kumulikwa. Kompoziti ya kumiminika ikatandazwa sakafuni, karibu milimita 1, nayo ikamulikwa. Milimita 3 zilizobaki zikajazwa kwa kompoziti ya kawaida kwa mkupuo mmoja, zikachongwa umbo la jino na kumulikwa kwa sekunde 20 kutoka juu.

Ganzi ilipoisha, mgonjwa hakuwa na maumivu. Kesho yake, alipoanza kutafunia upande ule, maumivu yakajitokeza. Alirudi kliniki, karatasi ya kaboni ilionyesha sehemu ndogo iliyozidi, ikasagwa, lakini maumivu hayakubadilika. Alikwenda duka la dawa akauziwa amoksilini, akaimaliza bila nafuu, jambo lisiloshangaza kwa kuwa hapakuwa na usaha, uvimbe wala homa. Katika wiki ya tatu daktari wake alianza kushuku kwamba kiini cha jino (sehemu hai ya ndani yenye neva) kimeumia. Akamweleza njia mbili, matibabu ya mfereji wa mzizi au kung'oa. Gharama ya njia ya kwanza ilikuwa juu ya uwezo wa mgonjwa, naye akachagua ya pili.

Hapo daktari yule alifanya uamuzi ninaouheshimu sana. Badala ya kushika koleo, alipiga simu kuomba jino liangaliwe na mtu mwingine kwanza, akamtuma mgonjwa kwetu akiwa na picha zake za eksirei pamoja na maelezo kamili ya kila dawa aliyotumia na muda aliomulika. Bila maelezo yale, sehemu kubwa ya uchambuzi unaofuata isingewezekana.

Uchunguzi

Mgonjwa alipoketi alieleza tatizo kwa maneno machache: "Daktari, chapati naila bila shida. Nikiuma karanga ndipo linanichoma, tena linanichoma ninapoachia, siyo ninapouma. Ling'oe tu yaishe."

Maneno hayo yalibeba zaidi ya nusu ya utambuzi. Jino ambalo kiini chake kimeharibika huuma lenyewe, usiku aghalabu, na huendelea kuuma muda mrefu baada ya baridi au joto kuondolewa. Jino lenye usaha kwenye ncha ya mzizi huuma linapogongwa. Maumivu makali na mafupi yanayokuja wakati wa kuachia yanaelekeza kwenye mambo mawili: ama jino lina ufa, ama chini ya kilichozibwa kuna nafasi iliyojaa majimaji.

Vipimo vilifanywa kwa lengo la kutenganisha mambo hayo. Pamba yenye baridi iliamsha maumivu makali kuliko kwenye jino jirani, lakini yalikoma ndani ya sekunde chache baada ya pamba kuondolewa. Kugonga jino hakukuuma. Mfupa kwenye ncha za mizizi ulionekana wa kawaida katika picha. Chini ya kizibo ulionekana mstari mwembamba mweusi, ila hatukuupa uzito, kwa kuwa gundi iliyotuama kona ya tundu huonekana vivyo hivyo. Kwenye ukingo wa upande wa shavu palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi, ulioonekana jino lilipokaushwa na kutoweka lilipolowa. Mstari huo ni enameli iliyovutwa na kupasuka ndani kwa ndani huku gundi ikiwa bado imeshika.

Kipimo kilichotoa jibu kilikuwa kijiti cha plastiki cha kuumia. Kiliwekwa juu ya kila ncha ya jino, moja baada ya nyingine, mgonjwa akauma na kuachia. Hapakuwa na maumivu. Kilipowekwa katikati, juu ya kompoziti yenyewe, maumivu yalikuja mara tu alipoachia. Jino lenye ufa kwa kawaida huuma ncha iliyopasuka inapobebeshwa uzito kisha kuachiwa. Tulimulika pia jino kutoka upande wa shavu na upande wa ulimi, na mwanga ulipita bila kukatwa na ufa wowote.

Maelezo ya maumivu hayo yanatokana na kazi ya Martin Brännström wa Sweden: dentini ina mirija myembamba yenye majimaji, na majimaji hayo yanaposogea ghafla, neva za kiini husisimka. Kizibo kilichobanduka sakafuni hushuka kidogo mtu anapouma na kuyasukuma majimaji. Anapoachia, kinainuka na kuyavuta. Chapati haina ugumu wa kukisogeza. Karanga inao.

Maamuzi na sababu zake

Njia ya kwanza ilikuwa kusubiri. Kuna hoja inayoiunga mkono: maumivu baada ya kuziba kwa kompoziti mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya wiki kadhaa, na kompoziti hufyonza maji ya mdomoni na kuvimba kidogo, hivyo kufidia sehemu ya kusinyaa. Hata hivyo maumivu ya mgonjwa huyu hayakuwa yamepungua hata kidogo kwa wiki tatu, na mgonjwa aliyeshaamua kung'oa hangetupa mwezi mwingine.

Njia ya pili ilikuwa kupaka rezini nyepesi ukingoni ili ipenye na kuziba mpenyo. Ingekuwa ya haraka na ya bei ndogo, lakini tatizo lilikuwa sakafuni, ambako rezini hiyo haifiki. Matibabu ya mfereji wa mzizi yangeondoa maumivu bila shaka, kwa gharama ya kuua kiini kilichokuwa kinajibu vizuri. Kung'oa tulikuweka kando mpaka jibu lipatikane.

Tuliamua kuondoa kompoziti yote, kuweka saruji ya glasi aionoma ya muda, na kusubiri wiki mbili. Sababu kubwa ya kutoziba upya siku ileile ilikuwa kwamba saruji hiyo hushikana na jino kwa kikemia bila asidi kali, na mkazo wake wa kusinyaa ni mdogo. Kama maumivu yangeisha, tungekuwa tumethibitisha chanzo. Kama yangebaki, tungejua kwamba kiini kimeumia, na mgonjwa asingekuwa amelipia kompoziti ya pili bure. Tulimweleza hivyo kwa ukamilifu, naye akakubali kuahirisha kung'oa.

Kilichokutwa ndani ya jino

Sehemu ya juu ya kompoziti ilikuwa ngumu na imeshika vizuri kwenye enameli. Kadiri tulivyoshuka, chombo cha mkono kilianza kuikwaruza dawa kwa urahisi, dalili kwamba haikuganda ipasavyo. Kipande cha mwisho kiliinuka chenyewe kikiwa na tabaka la gundi upande wa chini, na sakafu ya dentini ikabaki inang'aa kwa unyevu. Hapakuwa na uozo uliosahaulika. Gundi ilikuwa imeachia kwenye dentini, siyo kwenye kompoziti.

Daktari mwenzetu alituletea pia taa aliyotumia. Kwenye ncha yake kulikuwa na vipande vya kompoziti vilivyoganda, pengine vya siku nyingi. Kipimio chetu cha mkononi kilionyesha chini ya miliwati 400 kwa sentimita mraba. Vipande vilipobanduliwa na ncha kusafishwa, usomaji ulipanda juu ya 700. Vipimio vya namna hiyo haviaminiki sana kwa namba kamili, lakini vinafaa kulinganisha taa na hali yake yenyewe ya jana.

Matokeo

Maumivu ya kutafuna yaliisha ndani ya siku mbili baada ya saruji ya muda kuwekwa. Baada ya wiki mbili jino lilijibu baridi sawasawa na jirani yake. Tulipunguza saruji tukaiacha tabaka la zaidi kidogo ya milimita 1 sakafuni, tukalitenga jino kwa mpira, tukaweka asidi kwenye enameli pekee, kisha gundi inayoruhusu dentini kubaki na unyevu wake. Kompoziti iliwekwa kwa tabaka za mshazari zisizozidi milimita 2, kila moja ikigusa ukuta mmoja na sehemu ya sakafu bila kuunganisha kuta mbili zinazotazamana, na kila moja ikamulikwa kwa taa iliyopimwa, ncha ikiwa karibu na jino kadiri ilivyowezekana. Kazi ilichukua karibu saa nzima. Miezi sita baadaye mgonjwa alikuwa anatafuna karanga upande ule, ukingo ulikuwa safi, na mstari mweupe haukuonekana.

Uchambuzi

Tuanze na hesabu ya tundu lenyewe, kwa sababu inaonyesha ukubwa wa tatizo bila kuhitaji maabara. Sanduku la milimita 5 kwa 4 kwa 4 lina ujazo wa milimita 80 za ujazo. Tukichukua kupungua kwa asilimia 2.5, milimita 2 za ujazo zinatoweka. Kwa mstari mnyoofu, upungufu ni theluthi ya hapo, yaani kama asilimia 0.8, katika kina cha milimita 4 hiyo ni mikromita 33 hivi. Mrija wa dentini una upana wa mikromita 1 hadi 2 na ushei, na bakteria wengi ni wa mikromita 1 hivi. Nafasi hiyo yote haitokei mahali pamoja, kwa kuwa dawa hunyumbuka na kuta husogea, lakini hata sehemu yake ndogo ikikusanyika sakafuni inatosha kuliumiza jino.

Mwaka 1987 Feilzer, de Gee na Davidson walionyesha kwamba mkazo unapanda kadiri eneo lililogundishwa linavyozidi eneo lililo huru. Kwenye jino hili, sakafu na kuta nne zina milimita mraba 92, na uso ulio huru una 20, hivyo uwiano ni 4.6. Dawa ilikuwa na mlango mmoja tu wa kunyumbukia, nao ulikuwa wa kwanza kuwa mgumu kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na taa. Wengi tulifundishwa kwamba kompoziti husinyaa kuelekea kwenye mwanga. Versluis na wenzake, mwaka 1998, walionyesha kwamba sivyo: mwelekeo unaamuliwa na mahali iliposhikwa na mahali ilipo huru. Hapa ilishikwa kwa nguvu kwenye enameli juu na kwa udhaifu kwenye dentini chini, kwa hiyo upande dhaifu ndio uliobanduka. Mstari mweupe ukingoni unasimulia jambo hilohilo kutoka upande wa pili, kwamba gundi ya juu ilishika kiasi kwamba enameli ndiyo iliyopasuka.

Lakini kisa hiki hakiishii kwenye kusinyaa, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Dawa ya chini haikuganda vizuri, na dawa isiyoganda vizuri husinyaa kidogo kuliko iliyoganda, kwa sababu monoma chache zimeungana. Anayesoma haraka anaweza kusema kwamba taa dhaifu ilimsaidia mgonjwa. Haikumsaidia. Ilipunguza mkazo kidogo na kupunguza uimara mwingi, hasa wa gundi, ambayo ndiyo ilitakiwa kuhimili mkazo wa misa ya juu. Dentini iliyokaushwa kupita kiasi nayo ilikuwa imeidhoofisha gundi hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa nyuzi zake za kolajeni (protini) zinapokauka hulala na kuizuia rezini isipenye. Namwomba kila mwenzangu asijaribu kupunguza kusinyaa kwa kupunguza muda wa taa. Anachopata ni dawa laini sakafuni na monoma zisizoungana karibu na kiini.

Kuhusu kuweka dawa kwa tabaka, nakiri upande ninaoegemea: naona ndiyo njia salama kwa tundu la kuta nne, lakini sababu zake zisitiwe chumvi. Versluis na wenzake, mwaka 1996, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba tabaka zinaweza hata kuongeza kuvutwa kwa ncha za jino, kwa kuwa kila tabaka huvuta kuta kabla ya inayofuata kuingia. Faida ambayo haina mgogoro ni kwamba tabaka la milimita 2 hupata mwanga hadi chini. Kompoziti za kujazwa kwa wingi, zinazoruhusu milimita 4 kwa mara moja, zinapenyeza mwanga zaidi na nyingine zimeundwa zipunguze mkazo, lakini nazo husinyaa, na taa yenye ncha chafu haizifikishi huko.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni saruji ya muda kama kipimo. Kwa bei ndogo ilitenganisha kiini kilichoumia na kizibo kilichobanduka, jambo ambalo picha ya eksirei haikuweza. Kilichoshindikana mapema ni kusaga juu ya jino bila kuuliza maumivu yanakuja wakati gani. Swali lile moja, lingeulizwa siku ya pili, lingeokoa wiki tatu na dozi nzima ya antibiotiki.

Udhaifu wa uchambuzi huu ni kwamba katika kuziba mara ya pili tulibadilisha mambo mengi kwa pamoja: saruji sakafuni, kutenga kwa mpira, gundi, tabaka na taa. Hatuwezi kusema ni lipi lililochangia zaidi. Mimi naipa uzito saruji ya sakafuni na taa, kwa kuwa sakafuni ndiko palipobanduka na ndiko mwanga haukufika. Daktari mwenzetu naye alichagua kuanza na taa. Katika kliniki yake ncha husafishwa na kufunikwa plastiki jipya kwa kila mgonjwa, na kipimio kimewekwa mezani pamoja na daftari la kuandika usomaji wa kila asubuhi.